Vipawa Mbalimbali na Utu wa Mtu: Mafundisho ya Historia ya Mwambao wa Nyanza



Katika vitabu vya Jubilei ni desturi yetu kuhesabu. Twahesabu miaka, twahesabu makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, twawataja watu waliotutangulia katika kazi hii tunayoifuata sisi leo. Hesabu hizo zafaa, maana asiyejua alikotoka hajui aendako. Walakini imo hatari ndani yake. Twawataja wachache walioonekana, na wengi wasioonekana twawaacha nyuma, kana kwamba hawakuwapo. Ndiyo sababu katika kurasa hizi nataka kuuliza swali moja ambalo kila mwalimu na kila mzazi wa Ilemela na Mwanza amewahi kulikuta, hata kama hakulitamka kwa kinywa.

Swali ndilo hili: Mtu mmoja amejaliwa akili nyingi, au sauti nzuri, au mikono hodari, na mwenzake hakujaliwa hayo. Je, yule wa kwanza ni mtu bora kuliko wa pili?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Laulizwa siku ya kufunga shule, majina yanaposomwa mbele ya wazazi, tangu wa kwanza hata wa mwisho. Na yule wa mwisho huinamisha kichwa, na mama yake naye huinamisha chake. Laulizwa katika kwaya. Laulizwa katika mialo ya Kirumba na Kayenze, wakati wa kugawanya mapato baina ya mwenye mtumbwi, nahodha na wavuvi wake. Tena zamani liliulizwa juu ya mataifa mazima. Katika karne ya 19 walikuwapo wataalamu wa Ulaya na Marekani waliopima mafuvu ya vichwa, wapate kusema taifa gani ni kubwa na taifa gani ni dogo. Basi tusilijibu kwa maneno matupu. Tuifuate historia ya nchi yetu, tuone yenyewe yatufundisha nini.

1. Aliyelipima ziwa na aliyekuwa ulimi wake

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo, akaliona ziwa kubwa. Akaliita kwa jina la malkia wake, Viktoria. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, na wafanya biashara waliotoka pwani waliliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa.

Speke alikuwa na vipawa vya kweli, wala haifai kumnyima haki yake. Alijua kutumia vyombo vya kupimia jua na nyota, akajua kuandika katika ramani mahali alipo. Lakini Kiswahili hakukijua, wala Kiarabu. Aliyekuwa ulimi wake na masikio yake ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa Uhindi. Akakaa huko miaka mingi, hata alipopata uhuru wake akarudi Afrika ya Mashariki. Huko alikuwa amejifunza Kihindustani, na Speke naye alikijua, kwa kuwa alikuwa afisa wa jeshi la Uhindi. Basi Speke akiuliza jambo, aliuliza kwa Kihindustani. Bombay aliwauliza watu kwa Kiswahili. Na jibu lilirudi kwa njia ile ile.

Sasa tuwaweke wawili hawa katika darasa moja. Tukiwapa mtihani wa hesabu na nyota, Speke atakuwa wa kwanza. Tukiwapa mtihani wa kusema na watu wa nchi, kuwatuliza wapagazi waliochoka, na kujua wakati wa kunyamaza, Bombay atakuwa wa kwanza. Tazameni, watu ni wale wale, lakini daraja zimegeuka. Zimegeuka kwa sababu mtihani umegeuka. Basi anayechagua mtihani amekwisha chagua mshindi kabla kalamu hazijashikwa.

Hili ni fundisho la kwanza. Twasema, "Fulani ana kipawa kikubwa," na mara nyingi maana yake ni kwamba anacho kile kipawa ambacho watu wa zamani zake wamekubali kukipima. Ghuba iliyo mashariki ya Mwanza huitwa Ghuba ya Speke hata leo. Bombay alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, tena na Cameron, aliyevuka bara zima kutoka bahari hata bahari katika miaka ya 1873 hata 1875. Lakini katika ramani hatuoni ghuba ya Bombay. Si kwamba kazi yake ilikuwa ndogo, bali walioandika ramani hawakuwa na alama ya kuandikia kazi kama ile.

2. Mabega yaliyoleta mashua

Miaka kumi na saba baadaye, tarehe 27 Februari 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji cha Usukuma kando ya Ghuba ya Speke. Alikuwa ametoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, mwendo wa zaidi ya siku 100. Alikuja na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande, kusudi ipate kuchukuliwa mabegani. Mwezi wa Machi akaiingiza majini, akaanza kulizunguka ziwa, na sifa ya safari hiyo ikaenea duniani kote.

Lakini mashua haina miguu. Kila kipande kilipita nyikani juu ya mabega ya watu, katika njaa, mvua na homa. Wengi wa msafara ule walikufa njiani. Katika vitabu vya safari wapagazi huhesabiwa pamoja kama mizigo, na majina yaliyoandikwa ni machache. Basi na tufikiri: bila yule aliyejua kuiongoza mashua, mashua isingalizunguka ziwa, na bila yule aliyejua kuistahimili njia, mashua isingaliliona ziwa. Kazi mbili hizi hazifanani, na ujira wake haukulingana. Lakini nani athubutu kusema kwamba aliyekufa Ugogo na kipande cha mashua begani alikuwa mtu pungufu?

Kijiji kile cha Kageye kilipokea wageni wengine pia. Mwaka 1877 walipita hapo watu wa misioni ya Kiingereza ya C.M.S. Na tarehe 30 Desemba 1878 walifika Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Lavigerie wa Algiers, na mkuu wao alikuwa Padre Livinhac. Mwanzo wa mwaka 1879 wawili kati yao walitangulia kuvuka ziwa kwenda kwa Kabaka Mutesa, nao ni Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans. Mmoja alikuwa padre, mwenye elimu ya Kilatini na teolojia. Mwingine bruda, mtu wa kazi za mikono. Safarini walikula chakula kimoja, wakatishwa na mawimbi yale yale, na katika kumbukumbu za Waganda majina yao hutajwa pamoja, Mapera na Amansi. Watu wale hawakuwagawa kwa vyeti.

3. Soko linalopima watu

Imetupasa sasa kutazama jambo zito. Katika siku zile, mahali kama Kageye palikuwa kituo cha wafanya biashara wa pembe na watumwa. Na mfanya biashara wa watumwa alikuwa na jibu lake kwa swali letu. Yeye alisema, "Ndiyo, watu hawako sawa." Akawapanga: mwenye nguvu, bei yake hii, mwenye sura nzuri, bei yake ile, fundi ana bei kuliko asiye fundi, na mzee na mgonjwa hawana bei, hata wakaachwa njiani wafe. Soko la watumwa lilikuwa mahali ambapo thamani ya mtu ilikuwa sawasawa na vipawa vyake, si zaidi. Yeyote asemaye kwamba kipawa ndicho kimpacho mtu ukubwa wake, na atazame soko lile, maana huko ndiko neno lake lilikofuatwa hata mwisho.

Tena soko lile halikujua hata kupima. Katika nchi za mto Niger, karibu na Timbuktu, mtoto mmoja aliibiwa akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre wa Lavigerie wakamkomboa katika Algeria. Jina lake Adrien Atiman. Akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga pamoja na vijana wengine waliokombolewa utumwani, kisha akaletwa Karema, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, karibu na mwaka 1889. Hapo akawatibu wagonjwa na kuwafundisha watu kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956.

Watu husimulia habari hii wakisema, "Tazameni, mtoto yule kumbe alikuwa na kipawa kikubwa!" Ni kweli. Lakini msiishie hapo. Pamoja naye walikuwapo watoto wengine katika msafara ule wa jangwani, ambao hatujui majina yao. Wengine huenda walikuwa na kipawa kama chake, wengine hawakuwa nacho. Je, kosa la kumwuza Atiman lilikuwa kwamba aliuzwa mtu awezaye kuwa mganga? La, hasha. Kama asingaliweza kujifunza hata herufi moja, kumwuza kungalikuwa dhambi ile ile. Basi mioyo yetu yajua ya kuwa thamani ya mtoto yule ilikuwapo kabla ya kipawa chake kuonekana, nayo haikukingojea.

4. Seminari ya Rubya

Karne ya 20 ilipoanza, swali letu likavaa vazi jingine. Askofu Hirth alitaka vijana wa nchi hizi wasomee upadre, na Rubya katika Uhaya ikawa mahali pa masomo hayo. Walikuwapo Wazungu wengi wakati ule waliodhani kwamba kijana Mwafrika hataweza Kilatini, wala falsafa, wala maisha ya padre. Mwaka 1913 waliwekwa mapadre wa kwanza wa Uganda, Basil Lumu na Victor Mukasa. Mwaka 1917 waliwekwa mapadre wanne wa kwanza wa nchi yetu, huko Rubya. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka wa Masaka akawekwa askofu. Na mwaka 1960 Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1912 na kusoma Rubya, akafanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupewa daraja hiyo.

Twafurahi, nasi twafanya vema kufurahi. Walakini tuangalie tusije tukashinda vita kwa silaha ya adui. Aliyesema Mwafrika hawezi Kilatini alikosa mara mbili. Kosa la kwanza ni kusema hawezi, na vijana wa Rubya walilijibu kwa vitendo. Kosa la pili ni kudhani kwamba, kama kweli asingaliweza, angalikuwa mtu wa daraja ya chini. Kosa hilo la pili sisi wenyewe twalifanya kila siku. Twamkataa Mzungu aliyetuambia hatuna akili, kisha twamwambia mtoto wetu aliyeshindwa mtihani kwamba yeye si kitu.

Na tukumbuke jambo jingine. Kwa kila mmoja aliyefika upadre, walikuwapo wengi waliorudi nyumbani njiani. Wengine walirudishwa na ugonjwa, wengine na masomo, wengine waliona tu kwamba si njia yao. Wakawa makatekista, waalimu, makarani, wakulima. Kwa muda mrefu watu waliwaita "walioshindwa." Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya maji, na yafaa tukae kidogo na habari zake.

5. Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika Ukerewe, wa ukoo wa watawala wa kisiwa kile. Alisoma kwa mapadre huko Kagunguli, na mwaka 1909 akapelekwa Rubya, akakaa huko miaka kumi. Alijua Kilatini, Kijerumani na Kiswahili pamoja na lugha yake mwenyewe. Mwaka 1919 akaondoka, akarudi kwao, akaoa mke wake Anna Katura. Akawa mtu wa kutafsiri na kuwasaidia mapadre kwa kalamu yake. Watoto wake walikufa wakingali wadogo, wala hakuachiwa hata mmoja.

Huyu aliona kwamba desturi na maneno ya Wakerewe yalikuwa yakipotea. Basi akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliopendana bila kujaliwa mtoto kwa muda mrefu, Myombekere na Bugonoka. Akaimaliza mwaka 1945. Padre Simard, rafiki yake kutoka Kanada, alijaribu kumsaidia ipigwe chapa, isiwezekane. Maana wasomaji wa Kikerewe ni wachache, na kitabu chenyewe ni kikubwa. Miaka ikapita. Akazeeka, maungo yakamwuma. Baadaye akashauriwa akitafsiri kwa Kiswahili, naye akakitafsiri chote mwenyewe. Mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Leo kinasomwa pia katika lugha za Ulaya, na wataalamu wakisifu.

Hesabuni miaka, ndugu zangu: tangu 1945 hata 1980 ni miaka 35. Katika miaka yote hiyo kipawa chake kilikuwa kile kile, na kitabu kilikuwa kimekwisha andikwa. Jirani aliyempitia barabarani mwaka 1960 alimwona nani? Alimwona mzee maskini, asiye na mtoto, aliyetoka seminari bila kuwa padre. Kama jirani yule aliwaheshimu wenye sifa peke yao, hakumheshimu Kitereza. Na kama alimheshimu, alimheshimu kwa sababu nyingine, yaani kwa kuwa ni mtu. Hata tukidhani kwamba mchwa wangaliila ile karatasi yote, tusijue kamwe kwamba iliandikwa, je, Kitereza angalikuwa amepungukiwa na utu? Jibu la swali hili kila msomaji analo.

Haya yatufundisha kwamba hatuwezi kuwa waamuzi wazuri wa vipawa vya wenzetu. Twaviona kwa kuchelewa, au hatuvioni kabisa. Basi mwenye kuwapa watu heshima kwa kadiri ya vipawa avionavyo atawakosea wengi, tena hatajua amewakosea.

6. Hekima ya ngoma na jembe

Wazee wetu Wasukuma walilijua jambo hili kwa njia yao. Hawakusema kwamba watu wote ni sawa katika kila kazi. Tangu karne ya 19 wana vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyoshindana baada ya mavuno. Vyama viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda wapendako; aliyewavuta wengi ndiye mshindi. Humo hamna upole wa uongo. Mtunzi hodari husifiwa kwa jina, na mvivu huchekwa.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, mshindi wa mwaka huu hurudi uwanjani mwaka ujao, naye aweza kushindwa. Ushindi ni wa siku ile, si wa milele. Pili, yule aliyechekwa uwanjani huenda kesho shambani, na huko jembe lake huenda likawatangulia wote. Ngoma ya bugobogobo yenyewe huchezwa kwa majembe, nayo ilitoka katika kazi ya kulima pamoja, ngoma ikipigwa ili mikono iende pamoja. Katika kilimo kile mpiga ngoma hakulima, na mlimaji hakupiga ngoma, wala mmoja hakumwambia mwingine, "Sina haja nawe." Padre David Clement wa Bujora, pale Kisesa, aliiona hekima hii. Katika miaka ya 1950 alianza kuzipokea ngoma za Wasukuma katika sikukuu ya Ekaristi, sikukuu iitwayo Bulabo, na vyama huja kushindana hapo. Wenye kuimba, wenye kupiga, wenye kutazama tu, wote huitwa.

7. Mashaka mawili

Mtu aweza kuniuliza: "Kama kipawa hakimfanyi mtu kuwa bora, mbona twamchagua nahodha hodari, na mgonjwa twampeleka kwa daktari aliyesoma, si kwa mtu yeyote?" Swali hili ni jema. Jibu lake ni kwamba ukubwa wa kazi ni wa kazi. Mtumbwi ukiwa majini na upepo umebadilika, neno la nahodha ndilo sheria, na anayelikataa awahatarisha wote. Lakini mtumbwi ukifika mwaloni, nahodha ni mtu kama wengine. Hana haki ya kukaa mbele ya mshona nyavu barazani, wala mtoto wake hana haki kuliko mtoto wa mpiga kasia. Kosa huanza pale mtu anapoubeba unahodha wake nchi kavu.

Mwingine atasema: "Lakini hii ndiyo kanuni ya dunia, mkubwa humla mdogo, tazama ziwa." Haya, na tulitazame ziwa. Zamani lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo, kila aina na kazi yake: hawa walikula konokono, hawa wadudu, hawa walikwangua uchafu wa kijani mawe­ni. Katika miaka ya 1950 akaletwa sangara, samaki mkubwa mwenye nguvu. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amezidi kabisa, na aina nyingi za furu zikatoweka. Twamshukuru Mungu kwa sangara, maana amelisha nyumba nyingi za Ilemela. Lakini wataalamu wahuzunika kwa furu waliopotea, kwa kuwa waliopotea hawarudi, na kazi zao hazina mwenyewe. Hata samaki, basi, hawafundishi kwamba mkubwa peke yake atosha. Tena sisi si samaki. Mtu amepewa kuchagua kama atamla mwenzake au atamlinda.

8. Maneno kwa wazazi na waalimu

Neno talanta lilikuwa kwanza jina la kipimo cha fedha. Ni kwa sababu ya mfano wa Injili watu wakaanza kuita talanta kila uwezo aliopewa mtu. Katika mfano ule watumishi walipewa kwa kiasi mbalimbali. Yule wa talanta tano hakusifiwa kwa kupewa tano, na yule wa talanta mbili alipokea sifa ile ile aliyopokea mwenzake. Aliyelaumiwa ni yule aliyeificha ardhini. Na kwa nini aliificha? Kwa hofu. Waalimu, lipimeni neno hili: mtoto afundishwaye kila siku kwamba yeye ni wa mwisho, huificha ile moja aliyo nayo.

Sisemi kwamba alama zote ziwe sawa. Mwalimu anayempa mtoto alama asizostahili amdanganya, na uongo si heshima. Msahihisheni kosa lake, mwambieni ukweli wa hesabu yake. Lakini ukweli wa hesabu usigeuzwe kuwa hukumu ya nafsi yake. Semeni, "Hesabu hii umekosa," msiseme, "Wewe ni mkosefu wa akili." Na yule wa kwanza naye mfundisheni, maana hatari yake si ndogo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wala hakuna aliyejipandia nywele zake kichwani. Alichopewa si sifa yake; sifa yake ni namna anavyokitumia, na kwa faida ya nani. Wazee walisema pia kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Wazazi, msiwapange watoto wenu mezani kwa vyeti vyao. Binti anayemtunza bibi yake kitandani hana cheti cha kazi ile, wala hakuna mtihani wa uvumilivu. Mkunga wa kijiji aliyewapokea watoto mia hakuandikwa katika historia yoyote, lakini historia yote ilipita mikononi mwake.

Na kwa kuwa huu ni mwaka wa Jubilei, naomba kila parokia ifanye jambo moja lisilo gumu. Chukueni daftari, mkaketi na wazee wakingali hai, mkawaulize majina: nani alifyatua matofali ya kanisa, nani alichota maji, nani alipika siku ya sikukuu, nani alishika kasia mapadre walipovuka kwenda visiwani, nani alimfundisha katekisimu mtoto aliyekuwa mzito wa kushika hata akashika. Yaandikeni majina hayo katika orodha moja na maaskofu na mapadre, bila kupanga mkubwa na mdogo. Msikawie, maana kila mwaka twawazika wachache wao, na wengi wa wale wanaoyajua majina hayo hawajui kuandika.